Siku Saba Nilizozijaza

Mimi niliacha shule darasa la tatu. Kusoma nilikumalizia ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, tukiwa tumekalia vibao vya watoto wa chekechea, magoti yamegusa kidevu. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba sijui kitu. Namba nazijua na herufi nazijua. Nililolifanya nililifanya kwa sababu najua kuandika. Ningekuwa sijui, mjukuu wangu angekuwa amevaa joho mwaka jana.

Nimemlea tangu ana miaka miwili. Mamake, binti yangu, alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba, na aliporudi alirudi ndani ya sanduku lililopigwa misumari, tukaambiwa tusilifungue. Mtoto akabaki nasi hapa Matsangoni, mimi na mume wangu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, basi ndivyo tulivyoishi, mume mmoja na wake wawili, tukitukanana kwa mapenzi kutoka asubuhi hadi jioni. Mimi huniita Hawe, kama watoto wa Kigiriama wanavyowaita bibi zao. Akitaka kunichokoza huniita mke mkubwa.

Alipofaulu kidato cha nne akaitwa chuo kikuu kusomea fizikia, wifi yangu, dada ya mume wangu, alicheka mpaka akashika mbavu. Nyumba yake iko hatua thelathini kutoka kwangu, na mdomo wake hauna mlango.

"Fizikia? Mtoto wa kike? Atakuja kutengeneza redio?"

"Atakuja kukupima wewe ulimi," nikamwambia.

Nilidhani ukiingia chuoni ukakaa miaka minne bila kufukuzwa, wanakupa karatasi yako unakwenda zako. Mjukuu wangu akanifumbua macho polepole, kila Jumamosi akija na nguo zake chafu. Akaniambia kuna masomo arobaini na ushee, wanayaita yuniti, na lazima yapite yote. Ukiangusha moja tu, jina lako halisomwi siku ya mahafali. Na hesabu ni nyingi kuliko fizikia yenyewe. Mwaka wa kwanza nilimkuta anaandika herufi juu ya herufi, namba hata moja hakuna.

"Hii hesabu gani isiyo na hesabu?" nikamuuliza.

"Hata mimi sijui, Hawe," akasema, machozi yakamtoka, kisha akafuta akaendelea.

Kuna maabara kila wiki. Unapima kitu kile kile mara tano, na zikitofautiana unaeleza kwa nini. Mwaka wa tatu kuna miezi mitatu ya kwenda kazini bila mshahara. Yeye alipelekwa kwenye mashamba ya chumvi juu ya Malindi, kupima ukali wa maji, akarudi midomo imepasuka na visigino vimeliwa. Yote hayo aliyapita. Kila muhula alikuwa akinisomea alama zake kwa sauti, na mimi nilikuwa natoka nje kuzirudia kwa sauti kubwa zaidi ili wifi yangu azisikie.

Likabaki la mwisho, mradi wa mwaka wa nne. Hilo ndilo lililotuua.

Mradi ni kwamba mwanafunzi anachagua kitu chake mwenyewe, anakipima, anaandika kitabu kidogo, kisha anasimama mbele ya walimu wanamhoji. Bila mradi hakuna digrii, hata kama umepita yote. Mjukuu wangu akachagua nyumba yangu. Nyumba hii chumba kimoja kina makuti na kingine kina mabati, maana mabati yalitushinda nusu ya njia. Akataka kujua joto linavyotofautiana chini ya paa hizi mbili, mwishoni mwa kiangazi, siku thelathini mfululizo bila kukatika. Vile vyombo vinavyojiandikia joto vyenyewe, chuo kilikuwa navyo viwili tu na wenzake walikwisha vichukua. Yeye akapewa vipimajoto viwili vya kioo na daftari.

Yeye alikuwa Kilifi kwenye masomo, hapa huja Jumamosi na Jumapili. Nani angesoma vipimajoto siku nyingine? Mimi.

Alinifundisha jioni nzima. Akakining'iniza kimoja chumba cha makuti, juu ya kitanda cha babu yake, na kingine chumba cha mabati. Saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni.

"Panda kigoda, Hawe. Jicho liwe sawa na mstari. Ukitazama kutoka chini utaona namba nyingine."

"Namba ni ile ile. Itabadilika kwa kutazamwa?"

"Itabadilika kwako wewe. Panda."

Nikapanda. Mume wangu wakati huo alikuwa amelala, miguu imevimba, moyo ulikuwa umechoka na daktari alikwisha tuambia tumpeleke nyumbani. Alinitazama nikipanda kigoda mara tatu kwa siku kama anayetazama sinema.

"Leo nimepikwa kiasi gani?" huuliza.

"Ishirini na tisa na nusu."

"Bado sijaiva. Ongeza kuni."

Nilifanya siku ishirini na moja. Sikukosa hata mara moja. Mchana wa mabati ulikuwa unafika thelathini na saba, thelathini na nane, mpaka kuku walikuwa wanatoka chumba kile wenyewe. Makuti hayakupita thelathini. Mjukuu wangu alikuja Jumamosi akatazama daftari, akanibusu mkono. "Hawe, wewe ungekuwa mwanafizikia." Wiki nzima nilitembea nimeinua shingo.

Siku ya ishirini na mbili, saa moja asubuhi, niliingia na kigoda changu. Chumba kilikuwa kimya. Nikadhani mzee amelala, nikapanda polepole nisimwamshe. Nikaweka jicho sawa na mstari. Ishirini na saba. Nikaandika. Nilipoteremka ndipo nikamtazama, na kinywa chake kilikuwa wazi na inzi yuko juu ya mdomo wake.

Nilisoma joto juu ya maiti, na namba ile ikawa ya kweli. Jambo hili nilikaa nalo peke yangu muda mrefu.

Tukamzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri, nyuma ya nyumba. Mvua ya kwanza ya masika ilianza adhuhuri, ikanyesha kama iliyotumwa. Tulipokuwa tumekaa wanawake barazani, nilisikia wanaume wakichota maji kaburini kwa sufuria. Nikaijua kwa mlio, ilikuwa sufuria yangu ya wali. Mjukuu wangu hakukaa barazani. Alisimama uani kwenye mvua, leso imemganda mwilini, anatazama wanavyochota.

Kitanda kilikwisha tolewa ili mzee aoshwe. Vipimajoto nani aliviondoa sijui. Kimoja nilikikuta baadaye jikoni ndani ya kikapu cha miko, kingine kimetundikwa kwenye msumari wa koti lake. Nyumba ilijaa watu. Mjukuu wangu alikaa siku mbili akarudi Kilifi, maana mitihani ilikuwa mlangoni. Mimi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kutoka.

Siku ya nane watu walipopungua ndipo nikaliona daftari. Limebaki vile vile, ishirini na saba, kisha weupe. Siku saba.

Nikakaa nalo mapajani. Siku thelathini bila kukatika, ndivyo alivyosema. Na mitihani imefika, na kuanza upya hawezi. Nikafikiri: mimi nimesoma siku ishirini na moja, joto la nyumba hii nalijua kuliko ninavyoijua ngozi yangu. Makuti asubuhi ni ishirini na saba. Mabati mchana ni thelathini na nane. Nikachukua kalamu, nikajaza. Hapa nikaongeza nusu, pale nikapunguza nusu, ili yafanane na kweli. Kisha nikavirudisha vipimajoto mahali pake, nikamalizia siku mbili zilizobaki kwa kusoma barabara, jicho sawa na mstari.

Jumamosi akaja. Akafungua daftari, akaenda ukurasa kwa ukurasa kwa kidole.

"Hawe, hata siku za matanga ulisoma?"

"Nilisoma."

Akanitazama muda. Kisha akasema ahsante, akalitia kwenye mkoba.

Mradi ukaandikwa, daftari likarudi kwangu. Mbele yake kuna karatasi ya kutia sahihi kwamba kazi hii ni yangu na vipimo hivi ni vya kweli. Akatia sahihi. Akasimama mbele ya walimu wake, akahojiwa, nikangoja habari njema.

Badala yake alikuja siku ya kazi, mchana, bila nguo chafu. Akakaa kwenye kigoda kile.

"Wameniita kwenye kikao cha nidhamu, Hawe. Mwalimu wangu wa mradi amelinganisha vipimo na rekodi ya mvua ya chuo. Kuna siku daftari linasema mabati thelathini na nane saa nane, na mvua ilikuwa inanyesha tangu adhuhuri mpaka usiku."

Mvua. Niliisikia mvua ile ikichotwa kaburini kwa sufuria yangu, na nilipokaa kuandika sikuikumbuka. Niliandika jua juu ya siku niliyomzika mume wangu.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia nilibuni mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mjane, Hawe. Sikupeleki kwa watu wakakuite mwongo."

"Na wao watakufanya nini?"

Akatazama paa. "Mtu akibuni vipimo hufukuzwa. Miaka yote minne inakwenda."

Aliondoka jioni. Kikao kilikuwa Alhamisi, na mimi bado nilikuwa na zaidi ya miezi miwili ya eda. Nilimwambia wifi yangu, maana lazima mtu ajue nimekwenda wapi, na yeye ndiye dada ya marehemu.

"Utatoka eda kwa ajili ya daftari?" akasema. "Kaka yangu hajakauka kaburini!"

"Atakaukaje? Walimtia kwenye maji."

"Watu watasema nini?"

"Wewe ndiye watu. Useme nini, unajua mwenyewe."

Nikatuma kwa ustadhi anayetusomea dua. Akajibu kwamba eda haimfungi mtu kwenye haja ya lazima, niende mchana nirudi kabla ya magharibi, nijistiri. Jibu hilo nilimpelekea wifi yangu. Alinyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyamaza siku mbili.

Alhamisi nikavaa nguo yangu ya eda, nikalifunga daftari ndani ya leso, nikaenda Kilifi. Mlinzi wa getini aliponitazama aliona mjane, akanisindikiza mpaka mlangoni bila kuuliza kitambulisho. Ndani walikuwa watu watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na mwalimu wa mradi pembeni, kijana mwenye ndevu chache. Mjukuu wangu amesimama katikati kama mtuhumiwa wa wizi wa kuku.

"Hawe, rudi nyumbani," akasema. "Uko eda."

"Nyamaza wewe." Nikawaamkia wale, wakaitikia. Mwanamke yule, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akainuka kidogo kwenye kiti. "Shikamoo, mama. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

Nikafungua leso, nikaliweka daftari mezani. Wao walikuwa wameona tu karatasi zilizopigwa chapa. Wakalifungua. Mwanamke akanipa kalamu akaniambia niandike namba kutoka moja hadi tisa. Nikaandika. Nne yangu ina mkia kama nge, na saba yangu ina mguu, ndivyo nilivyofundishwa ngumbaru. Wakatazama daftari, wakatazama karatasi, wakapeana.

Nikawaeleza yote. Kigoda, matanga, vipimajoto kwenye kikapu cha miko. Nikawaambia hata lile la asubuhi ile, ishirini na saba, na aliyekuwa chini yake. Sikukusudia kulisema. Lilitoka. Yule kijana mwenye ndevu akainamisha kichwa akaanza kupekua kurasa ambazo alikwisha zipekua.

"Mama," akasema baadaye, "mbona hukuziacha wazi zile siku saba?"

"Mtu akikupa kazi unamrudishia ina matundu?"

"Matundu tungeyavumilia," akasema. "Angeandika tu kwamba kulikuwa na msiba. Wengi wana matundu."

Siku thelathini bila kukatika, ndivyo nilivyoambiwa, na mimi nikashika neno kama amri ya Mungu. Kumbe kungekatika, na angepita. Kwa jitihada zangu zote nilikuwa nimekesha nikimchimbia mwanangu shimo.

Yule mwanamke mkubwa akafunga daftari. Niliuona uso wake ukilegea, nikajua tumeshinda. Akasema, "Basi ikiwa mwanafunzi hakujua, na aliandika alicholetewa..."

"Nilijua," mjukuu wangu akasema.

Yule kijana mwenye ndevu akamgeukia.

"Hawe ndiye aliyeandika, lakini mimi nilijua. Nilisimama kwenye ile mvua. Nilipoiona thelathini na nane nilijua haiwezekani. Nikaipiga chapa, nikatia sahihi."

Nilitamani nimzabe kofi mbele ya meza ile. Mlango ulikwisha funguliwa, na yeye mwenyewe akaurudisha kwa mkono wake!

Tukatolewa nje tukangoja kwenye benchi. Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia babu yake anageuka kaburini, ndani ya maji yake. Hakujibu ila mara moja.

"Ningenyamaza, Hawe, ile thelathini na nane ingebaki pale pale kwenye kitabu chenye jina langu. Kila nikivua joho ningeiona."

Wakatuita. Hakufukuzwa. Mradi umefutwa, jina lake limetolewa kwenye orodha ya mahafali, na ataurudia mradi mwaka unaofuata, kutoka kipimo cha kwanza, pamoja na wale waliokuwa nyuma yake. Yule mwanamke akasema mtu mwingine yeyote angefukuzwa, tumshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu. Kwa mwanamke yule sikuwa na shukrani siku hiyo.

Nilirudi kabla ya magharibi. Wifi yangu alikuwa amekaa mlangoni kwangu. Aliuona uso wangu, na maneno aliyokuwa ameyapanga siku mbili akayameza, akaniletea uji.

Wenzake wakavaa majoho. Siku ile mjukuu wangu alifua nguo kutoka asubuhi, hata zilizo safi. Kuna kazi ya shule aliyokuwa ameahidiwa hapo Barani, Malindi, kufundisha fizikia kidato cha tatu. Walimtaka na karatasi, karatasi hana, wakachukua mtu mwingine. Usingizi wangu umekuwa mfupi. Nimekonda mpaka bangili zinanitoka zenyewe.

Kiangazi kikarudi. Akaja na vipimajoto viwili vya kioo na daftari jipya. Nilidhani hatanipa tena, na haki angekuwa nayo. Akakining'iniza kimoja mahali pale pale, juu ya mahali pasipokuwa na kitanda. Nikamletea daftari la zamani, nikamwonyesha mstari ule wa siku ya ishirini na mbili.

"Hiki ni cha kweli," nikasema. "Nilikisoma barabara. Kitie."

Akapitisha kidole juu yake.

"Ni cha kweli, Hawe. Lakini hakihesabiwi."

Akanipa lile jipya na kalamu. Akachora kwa mkono wake kistari kifupi pembeni ya ukurasa wa kwanza, anionyeshe kilivyo. "Siku usiyoweza, unaweka hiki. Basi. Usiongeze neno."

Tumefika siku ya kumi na saba. Jana homa ilinishika tangu alfajiri, nikawa nasikia kuku wakitoka chumba cha mabati na najua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba mle ndani ni thelathini na saba na nusu. Saa nane ikaja ikapita. Kigoda nilikiona pale kilipo, miguu ikakataa.

Jioni nilipoweza kukaa nikachukua kalamu. Nikaweka kistari. Kimepinda kidogo, lakini kipo, na weupe uko pande zake zote mbili.